Redio Iliyoonekana Haina Kazi

Asubuhi ile kipimamsongamano kilikuwa kikizisikiliza kwa pamoja redio elfu arobaini za mtandao wa intaneti wa Dodoma, zilizofungwa juu ya nguzo na mapaa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu ni sekunde ngapi katika kila dakika hewa ya redio imeshikwa na mawasiliano. Redio ya stendi kuu ilishikwa asilimia tisini na moja. Redio yoyote iliyokaa chini ya asilimia mbili mwezi mzima ilizimwa na mashine yenyewe, masafa yake yakapewa mitaa yenye msongamano.

Mhandisi Siwema Mgaya, aliyekibuni kifaa hicho, alikuwa akipitia orodha ya redio zilizopangwa kuzimwa saa nane mchana huo. Akasita kwenye moja. Shughuli yake ilikuwa asilimia moja tu, lakini kila nusu dakika ilituma kitu kidogo sana, bila kukosa hata mara moja.

"Bwana Chiduo, hii isizimwe," alimwambia mkuu wake.

"Kwa nini?"

"Bado sijui. Nakwenda kuangalia."

"Mashine inasema haina kazi. Na mashine ni yako, Siwema."

"Ndiyo maana nakwenda mwenyewe."

Nyumba yenye redio hiyo ilikuwa pembezoni mwa mtaa wa Nkuhungu. Mwenye nyumba, Mama Masinga, alimkaribisha sebuleni, ambako mumewe alikuwa akimenya karanga. Kifuani, chini ya ngozi, mzee huyo alikuwa na kisukumamoyo, kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, ambacho kupitia redio ya paani kilipeleka taarifa hospitali kila nusu dakika.

"Mwezi wa pili kiliyumba," Mama Masinga alisimulia. "Hata sijajua kama anaumwa, gari la wagonjwa limeshafika mlangoni."

Siwema alitazama saa. Zilibaki dakika ishirini kabla ya saa nane. Akampigia Chiduo palepale.

"Simamisha uzimaji wote. Nilipima muda redio inaoongea. Sikuuliza inamsemea nani."

"Mji mzima utalalamika mtandao mzito."

"Walalamike. Usiposimamisha, nakuja kukata umeme wa kipimamsongamano kwa mkono wangu."

Siwema alisikia vitufe vya kompyuta vikibonyezwa. Kisha Chiduo akasema, "Nimesimamisha."

Siwema alirudi ofisini na, bila kula, akazichambua redio mia mbili na kumi na mbili zilizokwisha kuzimwa tangu mwaka uanze, akitafuta taarifa za namna ile. Alizikuta kwenye tatu. Visukumamoyo viwili vilikuwa vimejiunga na redio za jirani. Cha tatu hakikupata ya kujiunga nayo. Kumbukumbu za hospitali zilionyesha kuwa kilikuwa cha Tabitha Chibago, miaka thelathini na minne. Alifariki siku nne baada ya redio kuzimwa.

"Waachie wanasheria waiandikie familia barua," Chiduo alimwambia kwa sauti ya chini.

"Barua itafuata. Mimi nakwenda leo."

Mlango wa nyumba ya Tabitha ulifunguliwa na mwanamume aliyebeba mtoto.

"Habari za jioni, kaka. Naitwa Siwema Mgaya. Redio iliyokuwa juu ya paa lenu ndiyo iliyokuwa ikipeleka hospitali taarifa za moyo wa mkeo. Ilizimwa na mashine niliyoibuni mimi."

"Mimi niliambiwa ni bahati mbaya tu."

"Haikuwa hivyo."

Mwanamume alimhamishia mtoto kwenye bega la pili, akasogea kando ya mlango.

"Ingia," alisema. "Unieleze yote. Usiruke kitu."