Nani Alikwambia Umuue Jemadari?

"Nani alikwambia umuue jemadari?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa studio yake, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, pini zimejaa kwenye kola. Nyuma nilikuwa nimemwacha mteja kavaa mkono mmoja wa gauni. Sikujali.

Yeye akageuka taratibu, akateremsha hedifoni.

"Karibu, fundi. Hata hodi?"

"Hodi ya nini kwa muuaji!"

Mtaa mzima tunamwita Sauti. Kazi yake ni kutia Kiswahili kwenye tamthilia za Asia, zile za majumba ya kifalme na mapanga. Anajifungia peke yake kwenye chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro ya zamani, na humo ndani mfalme ni yeye, malkia ni yeye, mama mkwe ni yeye, hata mtoto mchanga anayelia ni yeye. Lakini akija kwangu kuleta suruali iliyochanika ishonwe, anakuwa bubu. "Upindo, fundi," basi, kashaondoka.

"Mimi sijaua mtu," akasema. "Wamemuua wenyewe huko kwao. Mimi mdomo tu."

"Usinitanie! Kapigwa mishale, kapona. Katupwa mtoni, kaelea. Kapoteza kumbukumbu, kazirudisha kwa kunusa supu! Halafu zimebaki dakika chache, ndiyo kwanza yuko njiani kwenda kumwoa yule binti wa dawa za mitishamba aliyemtibu, anakufa kwa kishale kimoja kilichopotea njia? Stelingi? Tangu lini stelingi anakufa?"

"Na malkia aliyetuma kile kishale kasamehewa," akasema kwa unyonge. "Kalia kidogo tu, kasamehewa."

"Ee! Kumbe umeliona!"

"Nimeliona, fundi. Halafu wanakuletea 'miaka mingi baadaye', binti anapishana na mtu darajani anafanana naye, anatabasamu, majina yanapanda. Mtu kakesha nao, wanamwachia tabasamu! Pale anapokufa kwenye theluji nililia kwenye maiki. Ukisikiliza vizuri sauti inakwaruza. Nilishindwa kurudia."

Hasira yangu nusu ikaisha palepale. Nikavuta kiti, nikamwambia kilichonileta kweli.

Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi. Tamthilia anaifuata kwa masikio, na jemadari anamjua kwa sauti ya huyuhuyu Sauti. Daktari alishasema apasuliwe, tukizidi kuchelewa macho yatapotea moja kwa moja. Miadi ya kwanza mama aliikimbia. Ya pili akasema tumbo linamuuma. Mwoga wa kisu, mama yangu, hata kitunguu anakata kwa kuomba radhi.

"Sasa safari hii kasema hivi," nikamwambia. "'Jemadari akirudi salama kwa binti wake, nami nitaingia kule ndani. Nitajua kwamba anayeondoka anaweza kurudi.' Miadi ni kesho. Sehemu ya mwisho hajaisikia. Nimemdanganya umeme umekatika."

"Mbona upo?"

"Mchana taa haiwashwi, hawezi kujua. Ila jirani asubuhi kapiga blenda, mama kaniita: 'Mwanangu, ile blenda ya huyu inatumia mkaa?'"

Akacheka. Mimi sikucheka.

"Sauti, naomba umfufue."

Cheko likamkauka. "Fundi, chumvi naongeza. Mfalme nimeshamfanya amwambie waziri 'kwenda zako'. Lakini nyama sibadilishi. Watu wananiamini. Na mama yako ndiye anayeniamini kuliko wote, kwa sababu picha haioni."

"Ndiyo maana nimekuja."

Alinitazama mpaka nikaona aibu. Halafu akasema, "Funga mlango."

Jamani, mimi nimeona mengi, lakini ya mchana ule sijawahi kuyaona. Alichukua vikombe viwili vya plastiki, akavigonga mezani, farasi akaingia chumbani. Akavuta mfuko wa unga, akaukandamiza kwa ngumi, taratibu, kriii, kriii, na mimi ambaye theluji siijui nikasikia baridi ya miguu. Akajikunja, akawa malkia mzee anayejuta. Akasimama, akashusha pumzi, na jemadari akawa amefika, kachoka, na tope kwenye viatu. Nilimtazama yule mwanaume mwembamba mwenye kandambili, nikashindwa kuelewa mtu mkubwa vile anatokea wapi. Mwili mzima ulinisisimka. Nikasema moyoni, Mungu anagawa vitu bila kuuliza ukubwa wa chombo.

"Binti," jemadari akasema, "sikufa. Nimerudi."

Machozi yakanitoka kama mjinga. Akaendelea.

"Kila asubuhi nilipita mbele ya mlango wako. Umeinama, uzi mdomoni, mguu kwenye cherehani. Nina maneno ya wafalme wote, nikifika kwako hata langu moja silioni. Na zile suruali… zile suruali hazikuwa zimechanika zenyewe. Nilizichana mimi. Nipate sababu ya kuja. Je, unanitaka?"

Nikagutuka. Jemadari gani tena huyu?

"Zima!"

Mkono wake ukaruka kwenye kitufe.

"Mama yangu anakwenda kupasuliwa," nikasema, "na wewe unatongozea humohumo ndani ya dawa yake?"

"Imenitoka, fundi."

"Haijakutoka. Ulikuwa umeitunza!"

Akainamisha kichwa. "Ndiyo. Nilikuwa nimeitunza. Nipe dakika nirekodi upya."

Simu yangu ikaita. Mama.

"Mwanangu, huo umeme wenu bado? Maana hapa redio ya jirani inaimba."

"Umerudi, mama. Nakuja."

"Upachike hivyohivyo kwenye picha," nikamwambia Sauti. "Haraka." Alipomaliza nikachomoa flashi, nikatoka bila kuaga.

Nyumbani mama alikuwa ameshakaa kitandani, kichwa kimeelekea runinga kama mtu anayesubiri mgeni. Nikachomeka. Farasi akaja. Theluji ikalia. Jemadari aliposema "Nimerudi," mama alinishika mkono, akaukaza mpaka pete yake ikaniuma.

Ilipofika "mguu kwenye cherehani" nikapasua kikohozi.

"Unataka maji, mwanangu?"

"Vumbi, mama."

Ilipofika "suruali" nikaangusha mfuniko wa sufuria. Nao ukazunguka sakafuni, ukazunguka, kana kwamba nimeulipa. Halafu nikasikia kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa: "Je, unanitaka?" na sauti yangu mwenyewe, kali kama ya mwalimu: "Zima!" Kimya.

Mama akasubiri.

"Aliyesema 'Zima' ni nani?"

"Malkia, mama. Anataka taa izimwe."

"Na binti? Hakujibu?"

"Imekatikia hapo. Ila jemadari karudi, si umemsikia?"

"Nimemsikia," mama akasema. Akapapasa shuka kwa vidole. "Haya. Kesho niamshe mapema."

Jioni ile meseji ikaingia: "Nisamehe. Siombi radhi kwa maneno yenyewe, naomba radhi kwa mahali nilipoyasemea. Mwambie mama namwombea."

Sikujibu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine nilichokuwa nakiogopa zaidi, kwa hiyo nikaendelea kuishika hasira.

Walianza na jicho moja. Siku muuguzi alipobandua plasta, nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Mama akafumba, akafumbua. Akatazama kikombe cha maji kilichokuwa mezani, akakitazama kwa muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Mama?"

"Maji yanacheza," akasema kwa sauti ndogo. "Nilisahau kwamba maji yanacheza." Halafu akaninyanyulia uso, akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Umezeeka kidogo, mwanangu. Lakini Mungu wangu, ulivyo mzuri."

Wote tulilia, na muuguzi akalia, akatukataza kulia kwa sababu ya dawa ya jicho.

Nikajua sasa mambo yamekwisha salama. Kumbe. Tumerudi nyumbani, mama kamaliza kuzishangaa nyufa za dari na rangi ya mapazia, siku moja ananiita:

"Niwekee ile sehemu ya mwisho. Nataka kumwona jemadari."

"Imefutika, mama."

"Flashi iko kwenye kopo la vifungo. Naiona kutoka hapa."

Nikachomeka. Picha ikatokea, na picha ilikuwa ileile ya wenyewe: jemadari kalala chali, kishale kifuani, theluji inamfunika kidogo kidogo, midomo imefumbwa. Na juu yake ile sauti nzito ikasema, "Binti, sikufa. Nimerudi."

Mama hakupepesa. Aliangalia yote mpaka "Zima!"

"Amekufa," akasema.

"Amekufa, mama. Nisamehe. Nilikudanganya."

"Kafa kabisa, na bado anaongelea suruali."

Nikainua uso. Mama alikuwa anacheka, mabega yanamruka, kajiziba mdomo asilitikise jicho.

"Mwanangu, enzi za mapanga kulikuwa na cherehani?"

"Ulisikia? Lakini nilikohoa!"

"Ulikohoa kama mbuzi aliyekwamwa na ganda. Asiyeona unamzuia masikio kwa mfuniko? Na jemadari nilijua kafa tangu asubuhi ile, ulishona huku unavuta makamasi. Nikungoje wewe na umeme wako ndiyo nijue?"

Nikakaa chini sakafuni. "Sasa mama, kama ulijua kafa, kwa nini ulikubali kwenda hospitali?"

Akaacha kucheka. Akanitazama kwa lile jicho jipya, na mimi mtu mzima nikajiona mtoto.

"Yule kijana namsikiliza miaka. Kawa mfalme, hakutetemeka. Kawa shujaa anayekufa, hakutetemeka. Siku ile, kwenye habari ya suruali, alitetemeka. Nikasema, huyu haigizi. Huyu anamwambia mwanangu. Mtu anayeweza kumwambia mwanangu maneno yale, nitakubali kumsikia tu maisha yangu yote? Nikataka kumwona. Niliingia kule ndani na hamu, mwanangu. Woga ulikuwepo, lakini hamu ilikuwa imewahi kiti."

Mimi nilidhani nimemwokoa mama kwa uongo. Kumbe uongo wote haukufaa kitu. Kilichomwinua kitandani kilikuwa yale maneno machache ya kweli, yale niliyoyafunika na mfuniko wa sufuria.

"Halafu binti akasema nini?" mama akaendelea. "Akasema 'Zima'. Tunawalaumu bure wale waandishi wa huko, kumbe mwanangu mwenyewe ndiye anayeharibu sehemu ya mwisho."

"Mama!"

"Mama nini? Mpigie."

Simu iliita mara moja tu.

"Fundi? Mama hajambo?"

"Hajambo. Anaona. Njoo nyumbani. Kuna pahali pamekatika."

Alifika anahema, kandambili mkononi, maana alikuwa amekimbia. Alipomwona mama amekaa anamtazama usoni, akagandia mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Sogea kwenye mwanga."

Akasogea. Mama akamkagua kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu, bila haraka, kama mtu anayesoma.

"Kumbe kadogo hivi!" akasema. "Na mimi nilikuwa namhurumia farasi."

Nilitaka ardhi ipasuke. Sauti mwenyewe akacheka, na kicheko kikamlegeza kidogo.

"Sema tena," mama akamwambia. "Yale ya mwisho. Usimwambie binti wa kwenye theluji, mwambie huyu hapa. Mimi nakutazama mdomo."

Akanigeukia. Nilisubiri jemadari atokee, na hakutokea. Ilikuja sauti nyembamba, ya kawaida, ya yule anayesema "upindo, fundi" na kukimbia.

"Nilizichana mwenyewe," akasema. "Zote. Hata ya kijivu, na ile ilikuwa mpya. Je, unanitaka?"

Maiki haikuwepo wala mfuko wa unga, na bado mwili ulinisisimka kuliko siku ile. Nikamwangalia mama. Mama hakuniangalia, alikuwa na kazi ya kuangalia mdomo wa mtu.

"Usichane nyingine," nikasema. "Ukitaka kuja, njoo tu. Nakutaka."

Akafumba macho. Mama akaegemea mto, akashusha pumzi ndefu, akafuta chozi chini ya lile jicho kwa ncha ya shuka, polepole, kama alivyofundishwa hospitali.

"Haya," akasema. "Sasa picha na maneno vinakwenda pamoja."