Taa za Nyuma

Rafiki yangu, dereva wa ambulensi, alinisimulia haya. Alfajiri moja umeme ulikatika, gereji ikawa giza totoro, na mtaa wa pili kulikuwa na mtoto anayekata pumzi. Gari haliruhusiwi kutoka bila taa kukaguliwa. Akasikia hatua za nesi mwenzake zikizunguka nyuma, akakanyaga breki.

"Dada, taa zinawaka?"

"Zinawaka."

"Na indiketa?"

"Zinawaka."

"Basi panda upesi, mtoto anatufia!"

Hapo simu yake ikaita. Alikuwa yule nesi, akihema. "Kaka, nisubiri jamani, ndiyo kwanza natoka nyumbani."

Mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa taratibu, gari likanesa.

"Nimepanda," sauti ileile ikasema gizani. "Twende kwa mtoto."