Mkono wa Bibi Hauvutwi

Jioni hiyo chumba cha mbele kilikuwa na watu wanne. Alikuwepo Bibi, ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwepo mwanawe, fundi viatu, ambaye ndio kwanza arudi kutoka kazini. Alikuwepo mke wa fundi, akikunja nguo. Na alikuwepo binti yao, aliyeitwa Kasuku kwa sababu neno halikuweza kulala kinywani mwake.

Bibi ndiye aliyeanza.

"Mwisho wa mwezi nahamia kwa dada yako," alimwambia fundi. "Nimekwisha kumwarifu. Atakuja kunichukua."

Fundi alishtuka. "Mama! Kuna aliyekukosea humu ndani?"

"Hakuna, mwanangu. Mtu hubadili hewa."

"Na mimi unaniachia nani, mke mwenzangu?" aliuliza Kasuku.

"Nakuachia mume wetu," alisema Bibi, akionyesha picha ya marehemu babu ukutani, "yule pale kwenye picha. Mtunze. Hali, wala hachafui nguo."

Wote walicheka isipokuwa fundi. Moyo wake ulikuwa mzito. Tangu mama yake apatwe na kiharusi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea begani na kukakamaa vidoleni. Kiganja kilijifunga kama ngumi. Fundi aliapa kwamba kitafunguka. Kila jioni, hata akiwa hoi, alipiga magoti mbele ya mama yake na kumkanda. Sasa mama anaondoka! Alikuwa amepungukiwa na nini?

Alichukua chupa ya mafuta, akapiga magoti kama kawaida. Bibi aliuficha mkono chini ya shuka.

"Leo tupumzike," alisema.

"Tusilegee, Mama. Mimi ngozi naijua. Ikikauka, dawa yake ni mafuta na kuvutwa. Usipoivuta kwa nguvu, haiingii kwenye kalibu ya kiatu."

Aliutoa mkono taratibu, lakini alipofika kwenye vidole alivishika vyote kwa pamoja, akavivuta.

"Hodi!"

Alikuwa jirani yao, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali. Alikuja kuchukua viatu vyake alivyompa fundi abadilishe soli. Aliona mkono ulivyoshikwa, akasimama palepale mlangoni.

"Fundi, ngoja kidogo. Viatu vyangu vina subira. Bibi, unaumia?"

"Kidogo tu, mwanangu."

"Si kidogo!" alisema Kasuku. "Baba akimkanda, Bibi huuma ncha ya mtandio. Mimi nimemwona."

Fundi aliviachia vidole. Aliutazama mtandio. Ncha yake ilikuwa imechakaa kweli, na alama za meno zilionekana.

"Mama, mbona hukuniambia?"

Bibi aliinamisha macho. "Unatoka kazini mgongo umepinda, bado unanipigia magoti. Ningefungua kinywa gani nikuambie kwamba unaniumiza? Nikaona heri niondoke nikiwa bado nakushukuru."

Jirani alivuta kigoda, akaketi karibu na fundi.

"Nia yako ni njema," alimwambia. "Lakini ngozi unayoifanyia kazi haina uhai. Hii inao. Baada ya kiharusi, misuli ikivutwa ghafla hujikaza zaidi, kama mtu anayejilinda. Kadiri unavyoshindana nayo, ndivyo inavyojifunga."

"Kwa hiyo nisimkande tena?"

"Mkande, ila ujue maana yake. Kukanda ni kuugusa mwili kwa utulivu ili misuli ilegee, damu itembee vizuri na mtu apumue. Maumivu si dalili kwamba dawa inaingia. Haya, nawa mikono."

Fundi alinawa. Jirani alimwagia mafuta kidogo kiganjani.

"Yapashe joto kwa kusugua viganja vyako. Sasa mwombe ruhusa mwenye mkono."

Fundi aliona haya kidogo. "Mama, nikukande?"

"Nikande, baba."

Waliuegemeza mkono juu ya mto, maana bega lililolegea halipaswi kuning'inia wala kuvutwa. Fundi alipitisha kiganja chake polepole, kutoka vidoleni kuelekea kwenye kiwiko. Jirani alimkumbusha amtazame mama usoni, si mkononi.

"Uso ndio utakaokuambia kama umezidisha. Sasa kiinamishe kifundo cha mkono, taratibu. Vidole usivilazimishe."

Kifundo kilipoinama, vidole vya Bibi vililegea vyenyewe. Vilifunguka kidogo tu, kama mlango unaosukumwa na upepo. Bibi alishusha pumzi ndefu.

"Mwiko ni upi?" aliuliza mke wa fundi, aliyekuwa ameacha nguo na kusogea.

"Msikande penye kidonda wala mfupa uliovunjika. Mtu mwenye homa, msimkande. Na mguu ukivimba ghafla, ukawa na joto na maumivu, msiuguse; huenda damu imeganda ndani. Nendeni hospitali mara moja. Tena kukanda hakuchukui nafasi ya dawa zake za shinikizo la damu, wala ya mazoezi. Kesho mleteni kliniki nimpangie."

Basi wakaanza upya. Asubuhi mke wa fundi alimsaidia Bibi mazoezi aliyopangiwa. Jioni fundi alinawa, akaomba ruhusa, akakanda. Kasuku alipewa kazi ya kutazama uso na kutangaza: "Anatabasamu! Endelea!" Mkono haukurudi kama zamani, na jirani hakuwaahidi hivyo. Lakini kiganja kilifunguka vya kutosha kuoshwa vizuri, na Bibi aliweza kushika kikombe kwa mikono yote miwili.

Mwisho wa mwezi ulipofika, dada yake fundi alikuja na begi tupu. Aliwakuta wote chumba cha mbele.

"Mama, vitu vyako viko wapi?"

"Viko mahali pake," Bibi alijibu. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti waliyoisikia wote: "Sihami. Kwako nitakuja kutembea tu, mwanangu. Lakini kwanza weka begi chini, unawe mikono, uketi hapa kwa kaka yako akufundishe. Siku nikija kwako, sitaki mkono wangu uanze shule upya."