Hatuna Watoto

Ijumaa ile jioni nilikuwa na kazi moja tu, kuwapeleka watoto Nkuhungu kwa dada yangu kabla giza halijaingia. Yasinta alikuwa na miaka saba, Niko minne. Nilibeba begi la nguo zao, na njia nzima nilijisikia mwepesi, kama mwanafunzi aliyesikia kengele ya likizo.

Dada yangu Emiliana alilipokea lile begi bila kunitazama usoni. Aliuliza tunakwenda wapi hasa. Nikamwambia Hombolo, bwawani, kuna lodge mpya wametengeneza ufukwe kama wa baharini, na Jumamosi kuna bendi ya dansi inapiga laivu. Akauliza kwa nini watoto wasiende. Nikamweleza kwamba pale watoto hawaruhusiwi, ni mahali pa watu wazima kupumzika.

"Mahali gani hapo mtoto amekatazwa," alisema, na hakuwa anauliza.

Sikutaka ugomvi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kutwa nzima niko na watoto wa watu, jioni niko na wangu. Mume wangu Raphael ni mpima ardhi, mtu wa safari na wa maneno mengi, hawezi kukaa na watu bila kuwachekesha. Tulijuana kwenye dansi. Zamani hakuna bendi iliyopiga Dodoma tukaikosa. Tangu Yasinta azaliwe, hatukuwahi kulala nje ya nyumba yetu ya Miyuji tukiwa wawili peke yetu.

Kesho yake mchana tukaondoka. Tulipita mashamba ya zabibu, vumbi likitufuata, Raphael akiimba na kupiga usukani kama tumba. Karibu na geti la lodge kulikuwa na akina mama wanakaanga perege kando ya njia. Raphael akashusha kioo, akawasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwenyi."

Hakuna aliyeitika. Mmoja wao, mtu mzima aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani, aligeuza samaki wake kwenye karai, akatema mate kando, akaendelea na kazi yake.

Mlinzi wa getini naye hakuwa na uso mzuri. Alichungulia kiti cha nyuma, akataka tufungue hata buti. Alisema akikutwa mtoto ndani tunatoka wote.

Lakini ndani palipendeza, siwezi kudanganya. Walikuwa wamemwaga mchanga kwenye ukingo wote wa bwawa, mchanga safi wa korongo uliochekechwa, na juu yake viti, meza na miavuli ya makuti. Jukwaa la bendi lilitazama maji. Nilivua viatu, nikakanyaga.

Mchanga ulikuwa wa baridi.

Jua la Dodoma lilikuwa limeuchoma tangu asubuhi, na bado ulikuwa wa baridi kama sakafu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Nilimwambia Raphael. Akasema ndiyo raha yenyewe.

Bendi ikaanza. Gitaa la solo lilipoingia nilisikia mwili wangu unakumbuka mambo. Tulicheza kama vijana, tukakaa, tukanywa, tukacheza tena. Nilimwegemea Raphael begani nikasema tungefanya hivi kila mwaka. Jua likaanza kuzama nyuma ya vilima.

Ndipo nikasikia harufu.

Maziwa yaliyochacha... Si ya ng'ombe. Kila aliyewahi kunyonyesha anaijua harufu ile, ya kitenge kilicholowa kikasahauliwa kwenye ndoo.

Nilipogeuka, mwanamke alikuwa amesimama kwenye meza yetu. Sikuweza kukadiria umri wake. Kifua cha blauzi yake kilikuwa kimelowa. Kwenye mikunjo ya kanga yake mchanga ulikuwa unadondoka, kidogo kidogo, na hauishi. Alitutazama kwa chuki ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu nisiyemjua.

"Watoto mmewaacha na nani?"

Alisema kwa sauti ya chini. Tarumbeta zilikuwa zinalia, lakini nilimsikia kama aliyeniwekea mdomo sikioni.

Raphael alicheka. Alitaka kumwondoa kwa mzaha, kama anavyowaondoa watu wote.

"Watoto gani, mama? Hatuna watoto."

"Hamna."

"Hatuna. Tuko wawili tu, kama unavyotuona."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nilitaka kusema anatania, tunao, wako kwa dada. Lakini yule mwanamke alikuwa amenigeukia mimi, anasubiri, na ulimi wangu ukawa mzito. Nilinyamaza.

"Nimesikia," alisema.

Akaenda moja kwa moja hadi jukwaani. Watu walimpisha bila kumtazama. Mwimbaji, aliyekuwa katikati ya chemko, pale wimbo unapochangamka, anataja majina ya waliohudhuria, aliinama, akanong'onezwa neno sikioni. Alipoinuka, macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Yasinta," aliimba. "Nikolaus. Nani mwenye watoto hawa?"

Watu walidhani ni kibwagizo kipya. Wakapiga makofi.

"Nani mwenye watoto hawa?"

"Hawana mtu," waliitikia, wakicheka, mikono juu. "Hawana mtu."

Nikasimama. Chini ya mchanga, kitu kikanishika kidole gumba cha mguu.

Kilinibana taratibu, kikaachia, kikabana tena. Ndivyo mtoto mchanga anavyoshika anaponyonya.

Nilipiga kelele, lakini nani angenisikia? Raphael alikuwa ameacha kucheka. Nilitoa simu, nikampigia Emiliana. Iliita mpaka karibu ikate. Alipopokea alikuwa ananong'ona.

"Sidonia, kuna mama yuko mlangoni. Anasema mmempa watoto."

Nilitazama jukwaani. Yule mwanamke alikuwa bado pale, amenipa mgongo, mchanga unadondoka.

"Usifungue, dada. Nakuomba usifungue."

"Sijafungua mimi," alisema. "Yasinta ndiye amefungua."

Simu ikakatika.

Tulikimbilia gari, viatu vyangu viliko hadi leo sijui. Nje ya geti yule mama wa kitambaa cheusi alikuwa anafunga biashara. Aliona tunavyokuja, akasimama katikati ya njia na karai lake. Raphael alipiga honi. Hakuondoka. Alikuja dirishani kwangu, taratibu, kama mtu asiye na haja ya kutusaidia.

"Amewauliza?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Mkamjibu nini?"

Raphael alitazama mbele. Nikamwambia mimi.

Huyo mama anaitwa Loisi, na aliyoyasema pale aliyasema kwa haraka. Mchanga ule ulichimbwa kwenye korongo nyuma ya kijiji chao. Akina mama wa ukoo wao walikuwa wanawalaza humo watoto waliokufa wakingali wachanga, kwa sababu udongo wa huku ni mgumu na mchanga ni laini. Tajiri mwenye lodge aliambiwa. Akaleta malori. Mwanamke mmoja, aliyekuwa amewalaza humo watoto wake wote, alijilaza mbele ya lori. Wakamburuta pembeni. Walipoondoka alishuka kwenye shimo akaanza kufukua kwa mikono, anawatafuta waliobaki, mpaka ukingo ukamwangukia.

"Wanawe ndio mnaowachezea dansi," alisema. "Naye anatafuta wa kuchukua. Anawachukua wa yule anayewakana." Akamnyooshea Raphael kidole. "Neno lirudishwe korongoni. Na alirudishe mwenye neno."

Raphael akakanyaga mafuta. Loisi akaruka pembeni.

Tulifika Nkuhungu kukiwa kumeshaingia giza. Mlango wa Emiliana ulikuwa wazi, taa inawaka. Dada yangu alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka, amewakumbatia watoto wote wawili. Wazima. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kisha nikaona mchanga. Ulianzia kizingitini, ukaenda kwa mstari mwembamba hadi kwenye mkeka, ukaishia hapo. Chumba kizima kilinuka maziwa.

Emiliana alisema yule mwanamke aliingia akakaa kama mwenye nyumba. Aliwaita watoto kwa majina. Akawapangusa nyuso kwa kiganja, mara moja kila mmoja, akatoka. Yeye muda wote alikuwa hawezi kuinuka.

Nilifungua mikono. "Yasinta. Njoo, mwanangu."

Mtoto alisimama, akanyoosha gauni lake, akaniamkia kwa adabu.

"Shikamoo."

Kisha akamgeukia dada yangu, akamnong'oneza.

"Mama mkubwa, huyu ni nani?"

Nimeshindwa kulieleza lile neno lilivyoniingia. Niko yeye alijificha nyuma ya mgongo wa Emiliana na hakutaka hata kunitazama.

Daktari alituambia ni mshtuko, tuwape muda. Padri alikuja nyumbani akasali, akanyunyiza maji kila chumba. Watoto waliitikia "Amina" vizuri kabisa. Lakini walikaa katika nyumba yao kama wageni. Waliomba ruhusa kunywa maji. Walilala wamekumbatiana, wakiutazama mlango. Emiliana alihamia kwetu ili watoto wakubali kula, na jikoni alinipa mgongo.

Nilimwambia Raphael twende korongoni. Alisema hawezi kwenda kuzungumza na shimo, yeye amesoma. Nadhani aliogopa kuliko mimi. Nikaenda bila yeye.

Loisi alinipeleka mchana, jua la utosi. Lile korongo lilikuwa limechimbwa hadi kwenye mwamba, kingo zake zimekatwa kama mkate. Nilishuka, nikapiga magoti. Nikasema nina watoto wawili, Yasinta na Nikolaus, niliwazaa mimi, na siku ile niliposikia wanakanwa nilinyamaza. Nikaomba radhi kwa mwenye mahali pale na kwa wanawe.

Harufu ilikuja, ikakaa, ikapita.

Nilipofika Miyuji, Niko alinikimbilia tangu getini. Aliniita mama. Yasinta akalia na kuniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo.

Raphael alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu, mikono ameifungua. Watoto wakampita.

"Mama," Yasinta aliniuliza, "na baba yetu yuko wapi?"

Raphael alikaa hivyo wiki kadhaa, mgeni ndani ya nyumba yake. Yasinta alimkaribisha chakula kwa heshima zote. Mizaha yake iliisha. Jioni moja Niko alijikwaa uani, Raphael akamwinua. Mtoto alipiga ukelele kama anayeibwa. Alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka, wakajaa getini. Mmoja alikuwa na fimbo. Walimjua Raphael miaka yote, na bado walimtazama kama wamemkamata. Hakuna aliyeondoka mpaka mimi nilipomchukua Niko mikononi mwake.

Kesho yake Raphael hakwenda kazini. Alikataa nimsindikize korongoni.

Alirudi magharibi, suruali imejaa mchanga hadi magotini. Nilikuwa nachambua mchele. Watoto waliinuka wote kwa pamoja.

"Baba!"

Wakamrukia, mmoja shingoni, mmoja mguuni. Nililia mbele yao bila aibu. Hata Emiliana alipangusa macho. Usiku ule tulikula sinia moja, watoto wakigombania kukaa karibu naye.

Yeye hakula. Nilipopeleka vyombo jikoni alinifuata, akaurudisha mlango.

"Aliniuliza swali," alisema.

"Nani?"

"Nilimwambia nina watoto. Sauti ikatoka chini, kwenye mchanga. Ikaniuliza, ni wepi hao."

"Ukamjibu nini?"

Alijishika kichwa. Alisema mchanga ulikuwa umeanza kumshika miguu, vidole vingi, vidogo, na alitaka kumaliza haraka aondoke.

"Nilitaka kusema wote wawili ni wangu," alinong'ona. "Neno wawili halikutoka, Sidonia. Nikasema wote ni wangu. Nikakimbia."

Hatukumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba neno ni neno tu, watoto wamerudi, yatosha.

Lodge ile haijafungwa. Kila Jumamosi bendi zinapiga, magari yanapita kwa Loisi yakitimua vumbi.

Kwetu huanza jua likishazama. Mimi nakuwa mezani na Yasinta na Niko, tunafanya kazi za shule. Raphael anakuwa barazani. Kwanza inakuja harufu. Kisha sauti, nje ya geti, za midomo ambayo haijajifunza kusema.

"Ba... ba... ba..."

Raphael anainuka. Hataki nimshike. Anafungua geti, anatoka, na mimi nazidisha sauti ya redio ili watoto wasisikie.

Wanaoniita mama ni wawili, na wote ninao hapa mezani. Wanaomwita baba siwezi kuwahesabu, na kila jioni anachelewa zaidi kurudi ndani.