Kabini ya Watu Wawili

"Kubwa au ndogo?"

Dada wa ofisi ya ajira aliuliza macho yakiwa kwenye kompyuta. Kupitia dirishani Chachu alikuwa anaziangalia meli zote mbili za kampuni zikiwa gatini. Ile mpya ilijaa dirisha zima, ghorofa juu ya ghorofa, na hata kilele chake kilikuwa hakionekani. Ile ya zamani, ambako yeye ndiye mwokaji mikate, ilikuwa imebanwa pembeni yake na rangi imebanduka ubavuni.

"Dada yangu, nakuuliza. Saa sita majina yanafungwa."

"Naomba nifikirie kidogo."

"Unafikiria nini tena? Mshahara ni ule ule. Kubwa ina lifti za wafanyakazi, ina kantini tatu, ina mahali pa mazoezi. Ndogo ina kutu."

"Nafikiria mkate."

"Mkate gani?"

"Kule kubwa unga unakuja umeshakandwa na kugandishwa kiwandani. Kazi yangu itakuwa kufungua oveni na kufunga oveni. Huku nakanda kwa mikono yangu. Abiria wananijua, wengine wananifuata mpaka jikoni kuniaga."

Dada wa ofisi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake anakataa bahati. Maskini, alikuwa mtu wa nchi kavu. Hakujua kwamba mkate ulikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ilikuwa mwanamume, fundi umeme wa meli ile ile ya zamani, ambaye wenzake walimwita Fyuzi kwa sababu jambo likimzidi huzimika kabisa, hasemi wala hasogei. Walikuwa wamekubaliana wachague pamoja, leo, wakishakunywa chai.

"Labda nimsubiri Fyuzi," Chachu akasema. "Fundi umeme wetu."

"Huyo keshachagua jana. Kubwa."

"Keshachagua?"

"Tena kaomba kabini ya wanandoa. Kule zipo chache, vitanda viwili vimeunganishwa, bafu ndani. Jina la mke atalileta leo, kasema bado kuna jambo analiweka sawa nyumbani." Akaacha kuchapa. "Mbona umekaa hivyo? Kwani hukujua ana mke?"

Chachu alisimama, akakaa, akasimama tena. Akasema anakwenda maliwatoni, akatokea mlango wa nje.

Alimpigia dada yake mkubwa akiwa bado anatembea.

"Dada, Fyuzi ana mke."

"Nani kasema?"

"Ofisini. Kaomba kabini ya yeye na mkewe."

"Nilikuonya. Mwanamume anayekwambia kila kitu, kuna kimoja anakificha. Sikiliza, panda hiyo kubwa, ukawafumanie mchana kweupe."

"Meli ina watu kama mji, nitawafumania wapi?"

"Basi baki ndogo. Jitunzie heshima yako."

"Yaani nikimwacha aende na mkewe ndiyo heshima?"

"Basi nenda kubwa."

"Dada, chagua moja."

"Mimi nimeshachagua. Wewe ndiye husikii."

Simu ikakatika. Chachu alibaki katikati ya gati, kushoto meli, kulia meli, kichwani uji. Dakika moja alimchukia Fyuzi kwa moyo wote. Dakika iliyofuata alijiuliza kama asubuhi amekula. Ndipo ujumbe ukaingia.

"Uko wapi? Nina jambo kubwa. Usichague kabla hatujaonana."

Akajibu: "Msalimie mkeo."

"Mke gani?"

Hapo Fyuzi angeishia, angepona. Lakini mtu akianza kuteleza hatulizi mguu, na punde si punde ujumbe wa pili ukafuata: "Nani kakwambia?"

Alimkuta jikoni mwa meli ya zamani, kapiga magoti nyuma ya oveni, anabadilisha waya. Fyuzi alipomwona alijigonga kichwa kwenye bati.

"Anaitwa nani?" Chachu akauliza.

"Nani?"

"Mkeo. Wa kabini yenye bafu."

Fyuzi akazimika. Alikaa na koleo mkononi, mdomo wazi.

"Leo huzimiki, baba. Leo utawaka. Anaitwa nani?"

"Anaitwa wewe."

Chachu akamkazia macho. "Mimi?"

"Nilikuombea wewe. Kabini zilikuwa zinaisha, anayewahi ndiye anayepata. Nikaona niwahi kwanza, kukuuliza baadaye."

"Kwa hiyo nimeolewa tangu jana."

"Hujaolewa. Umeshikiwa nafasi."

"Na mimi nilikuwa wapi wakati nashikiwa?"

"Ulikuwa unakanda."

Kicheko kilimjia Chachu, hasira nayo ikamjia. Mwanamume aliyemdhania ana mke alikuwa anamtaka yeye awe mke. Angepaswa kufurahi, na kweli alifurahi, lakini hasira ilibaki pale pale. Akakaa juu ya gunia la unga.

"Umenunua kitanda kabla ya kuposa, Fyuzi. Na mkate wangu je?"

"Mkate?"

"Kule kubwa nitakanda nini?"

Fyuzi aliangalia chini. Hakuwa amefikiria, na uso wake ulisema hivyo kabla ya mdomo.

"Nilifikiria mlango tu," akasema. "Tangu tupendane hatujawahi kufunga mlango wetu wenyewe. Mimi huku tunalala wanaume wanne, wewe kule wanawake wanne. Tukitaka kuongea, tunaongea koridoni, watu wanapita na mapipa. Nimechoka kukuaga kama mgeni."

Hapo hasira ya Chachu ikapoteza njia. Yeye mwenyewe alikuwa amelilia jambo hilo hilo mara nyingi, uso kwenye mto ili wenzake wasisikie.

"Basi niache kubwa?" Fyuzi akauliza.

"Ukiiacha kwa ajili yangu, utakuja kunisimanga."

"Basi twende kubwa."

"Nikienda kwa ajili yako, nitakusimanga mimi."

"Sasa unataka nini?"

"Sijui. Usiniulize kwa sauti hiyo, sijui." Akajifuta macho kwa aproni. Halafu akainua kichwa taratibu. "Hebu subiri. Waokaji wa kubwa wanafanya kazi saa ngapi?"

"Sijui."

"Mimi najua. Abiria maelfu wanataka mkate wa moto asubuhi. Waokaji wao wanaingia jioni, wanatoka jua limewaka. Na wewe fundi umeme?"

"Zamu ya mchana," Fyuzi akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo kwenye hiyo kabini yako ya wanandoa, wewe ukirudi kulala, mimi natoka. Mimi nikirudi, wewe unavaa viatu. Tutapokezana mto. Huku napika mwenyewe, napanga saa zangu mwenyewe. Umenitafutia mlango, mume wangu, lakini hakuna siku tungekuwa ndani wote wawili."

Fyuzi alizimika tena, safari hii kwa haki. Chachu naye alikuwa amelisikia lile "mume wangu" likimtoka, akajifanya anakung'uta unga kwenye sketi.

Mlangoni mtu alikohoa. Alikuwa mkuu wa mabaharia, mzee mwenye kitambi aliyelala kabini moja na Fyuzi. Nyuma yake walisimama wenzao wengine wawili wa kabini hiyo, wakijifanya wamefuata chai.

"Wanangu, mtatusamehe," mzee akasema. "Meli hii kuta zake ni bati. Tumesikia tangu kwenye 'anaitwa nani'."

"Mzee, hili ni letu wawili," Fyuzi akasema.

"Lilikuwa lenu wawili. Sasa hivi linajadiliwa mpaka kwa nahodha. Sisi watatu tumeshaongea. Mimi nitahamia stoo ya kamba, nakoroma, kamba hazilalamiki. Hawa wawili watapokewa kwenye kabini ya wapishi. Kabini ni yenu, mkioana. Msipooana tunarudi, na mimi nitakoroma kwa makusudi."

"Haina bafu," Fyuzi akasema.

"Kijana, unaoa mke au unaoa bafu?"

Wale wawili nyuma yake walicheka. Chachu hakucheka. Alimgeukia Fyuzi.

"Niulize. Lakini usiniulize meli, niulize kile ulichokiruka jana."

Fyuzi aliweka koleo chini.

"Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali. Na mimi nachagua ndogo. Sasa sema chako, na usitazame uso wangu kutafuta jibu."

Fyuzi aligeuka akatazama oveni, kwa utii kabisa.

"Mimi nataka unapoamka na mimi niamke," akasema. "Meli yoyote yenye hilo ndiyo yangu. Ni hii."

Wakakimbilia ofisini pamoja. Dada wa ofisi alikuwa ameshika mkoba tayari kwenda kula.

"Nimeleta jina la mke," Fyuzi akasema, akihema.

Dada akamtazama Chachu mwenye unga mpaka kwenye nyusi. "Ndiye huyu? Ningejua nisingekutia presha, mdogo wangu. Haya, kabini ya wanandoa, kubwa."

"Futa kubwa," Chachu akasema. "Wote wawili ndogo."

"Ndogo haina kabini ya wanandoa."

"Sasa inayo."

Waliandikisha ndoa wiki hiyo hiyo, meli ikiwa bado inapakwa rangi. Dada mkubwa alikuja, akamwambia kila aliyemkuta kwamba yeye ndiye aliyeshauri ndogo. Mkate wa harusi Chachu aliukanda mwenyewe, hakuruhusu mtu auguse. Mchana bwana na bibi harusi walipanda ngazi ya meli, na koridoni walipishana na wanaume watatu waliobeba magodoro kichwani, wa mbele akiwa mzee.

Ndani ya kabini Chachu alifunga mlango. Akauegemea kwa mgongo, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Umeshajuta?" Fyuzi akauliza kwa hofu.

"Hapana. Lakini bado sijakusamehe kuniozesha nikiwa kazini."

"Utanisamehe lini?"

"Sijui," Chachu akasema. "Kaa hapa mpaka nijue."