Swichi Aliyoificha Baba

Rafiki yangu ni fundi wa umeme wa magari, na si mtu wa kutunga maneno. Hii alinisimulia akiwa hoi, amechoka hata kunawa mikono hawezi.

Aliitwa na dada mmoja. Gari la marehemu baba yake lilikuwa limegoma kuwaka, na mama yake alitakiwa kufika hospitali jioni ile. Mzee alikuwa amefunga swichi ya siri ya kuzuia wezi. Bila kuibonyeza gari haliwaki, na hakumwonyesha mtu ilipo.

"Hata mama hajui?" fundi akauliza.

"Baba? Hata sukari alikuwa anatuficha."

Gereji ya nyumba haikuwa na dirisha, na taa yake ilikuwa imeungua. Fundi alipapasa chini ya viti na nyuma ya dashibodi mpaka mgongo ukafa ganzi, asiambulie kitu. Mwishowe akamwambia yule dada akae kwenye usukani, yeye akaenda mbele kufuatilia waya kuanzia kwenye betri. Boneti ilipoinuka, hawakuonana tena.

Akiwa ameinama, mikono yote miwili juu ya betri, akasikia kitu kikilia ndani ya gari: tk. Dada akazungusha ufunguo. Gari likawaka palepale.

"Asante, kaka," dada akasema kutoka gizani. "Sasa toa huo mkono hapo chini ya kiti, umenishika mguu. Mbona ni wa baridi hivyo?"