Mpangaji wa Chupa

Harufu ya maziwa ya mama ilianzia maabara, mahali ambapo hakuna aliyewahi kunyonyesha. Mke wa mtafiti aliinusa alipompelekea mumewe chai, akageuza uso. Mtoto wao alikufa akiwa bado ananyonya, na harufu ile mama aliijua kuliko jina lake mwenyewe.

Mtaani mumewe walimwita Fundi Uhai, kwa kejeli. Miaka nenda rudi alikuwa akilea vinyama, vipande vidogo vya nyama hai, kwenye chupa kubwa ya maji ya vuguvugu, akitafuta kuumba kitu kinachopumua. "Ni kwa ajili ya mwanetu," alimwambia mkewe. Na yeye, masikini, aliyameza maneno hayo kama dawa.

Siku kinyama kimoja kilipodunda kama moyo, Fundi alirukaruka. Kesho yake chupa ikaanza kulia, kilio chembamba cha kitoto kilichopenya ukuta kikamfuata mama jikoni, kikinyamaza akigeuka, kikianza akiinama, mpaka akaogopa kuosha vyombo kwa kuwa alikisikia ndani ya maji, chini ya vikombe, kikimsubiri.

Wakamwita mganga, mwanamke mwenye ulimi kama wembe.

"Umejenga nyumba ukaacha mlango wazi, halafu unashangaa kupata mpangaji?" alimwambia Fundi. "Hilo ni jini. Litatoka ukisema kweli kiumbe hiki ulikitakia nini. Na wewe mama, litakuita. Usiitike."

"Nilitaka kuwasaidia wagonjwa," Fundi alinong'ona.

Chupa ikacheka.

"Nilimtaka mwanangu."

Ikacheka zaidi, madirisha yakatetemeka, taa zikafifia, na ile harufu ya maziwa ikachacha ghafla mpaka Fundi akaziba pua, akapiga magoti.

"Basi! Nilikataa asipelekwe hospitali. Nilijigamba nitamtibu mwenyewe, akanifia mikononi mbele ya watafiti wenzangu. Sikutaka mtoto. Nilitaka kushinda!"

Mkewe alimtazama kama mtu aliyekuta nyoka kwenye mto anaolalia kila siku. Kicheko kikakatika. Kinyama kikasinyaa, kikazama. Ndipo ikaja sauti laini, ya mtoto aliyetoka usingizini:

"Mama?"

"Abee, mwanangu," akaitika, mkono wa mganga ukiwa bado haujamfika mdomoni.

Maji yakapoa. Mganga alifunga mkoba wake bila kumtazama mtu. "Chupa ni safi," alisema, akatoka.

Mama alijishika kifua. Matiti yaliyokauka zamani yalikuwa yamelowesha gauni. Kitu kisichoonekana kilikuwa kinanyonya, na kilikuwa na meno.